Kupata sauti ya oktava na fazi ya gitaa kwenye prosesa ya kidijitali

Prosesa nyingi za gitaa, hata zile ndogo za bei nafuu, zina modeli ya fazi, yaani nakala ya kidijitali ya kifaa kinachoikwaruza sauti ya gitaa, na modeli ya oktava, inayotoa noti ile ile oktava moja juu au chini. Mpiga gitaa anaziwasha zote mbili, anafungulia geini (nguvu ya kukwaruza) hadi mwisho, anapiga kodi nzima ya E, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kinachotoka ni mkwaruzo usio na noti. Anazima na kusema modeli ni mbovu. Mara nyingi modeli iko sawa, ila kilichoingia ndani yake ndicho kilichoivuruga. Hakuna efekti inayotegemea umbo la wimbi linaloingia kama oktava ya namna hii, kwa hiyo tuanzie hapo kabla ya kugusa namba za nobu.

Oktava ya juu inavyozaliwa

Kifaa kilichoitambulisha sauti hii ni Octavia, kilichobuniwa na Roger Mayer, Mwingereza aliyekuwa akifanya utafiti wa mitetemo na sauti kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza, na ambaye baadaye alimtengenezea vifaa mpiga gitaa Jimi Hendrix. Solo ya "Purple Haze", wimbo wa Hendrix uliotoka Uingereza Machi 1967, ndiyo kipimo ambacho wengi wanakifuata hadi leo. Msikilize pale juu kwenye shingo ya gitaa: kila noti ina kivuli chake cha juu, chembamba na chenye ukali wa filimbi.

Ndani ya saketi, transista zinasukuma transfoma, transfoma inatoa nakala mbili za wimbi zilizopinduana, na diodi mbili zinapitisha nusu ya juu tu ya kila nakala. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya wimbi iliyokuwa chini ya mstari wa sifuri inakunjwa kwenda juu. Wimbi lililokuwa linapanda mara moja kwa kila mzunguko sasa linapanda mara mbili. A ya 220 Hz inakuwa A ya 440 Hz. Hakuna kompyuta inayotafuta noti uliyopiga. Wimbi linakunjwa tu, na modeli nzuri ya kidijitali inafanya hesabu hiyo hiyo.

Ukilielewa hilo, mambo manne yanajieleza yenyewe.

Wimbi laini lisilo na hamoniki (masafa ya ziada yanayoambatana na noti) likikunjwa, noti ya asili inatoweka kabisa na kubaki mara 2, mara 4, mara 6 yake, huku ile ya mara 4 ikiwa na nguvu ya moja ya tano tu ya ile ya mara 2. Hiyo ndiyo oktava safi. Kadiri wimbi linavyokuja na hamoniki nyingi zake lenyewe, ndivyo mkunjo unavyozaa mchanganyiko. Ndiyo sababu oktava inatoka vizuri kwa pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya shingoni, nobu ya toni ya gitaa ikiwa imefungwa, kuanzia freti ya 12 kwenda juu. Pale uzi unatoa wimbi linalokaribia kuwa laini. Pikapu ya darajani kwenye uzi wa sita ni kinyume chake kabisa.

Noti mbili kwa pamoja zinazaa nyingine ambazo hukuzipiga: jumla yake na tofauti yake. Piga A ya 440 na E ya 660 hivi, utapata pia 220 na 1100. Hizo zinakaa vizuri na A, ndiyo maana noti mbili zenye umbali wa tano zinavumilika. Sasa piga A ya 440 na C# ya 554.4. Tofauti ni 114.4 Hz, ambayo iko juu ya A ya chini kwa karibu theluthi mbili ya nusu toni. Hiyo si noti ya gitaa lolote lililotyuniwa. Kodi kamili inazaa nyingi za aina hiyo kwa mpigo mmoja, na huo ndio ule mkwaruzo tulioanza nao.

La tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Fazi kali inalikata wimbi juu na chini hadi linakuwa mraba. Wimbi la mraba likikunjwa linakuwa mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka hauna sauti. Kwa vitendo zinabaki cheche nyembamba pale wimbi linapovuka sifuri, na unasikia oktava kavu inayokatika katika. Kwa hiyo fazi ikiwa mbele ya oktava na geini yake imejaa, unaiua oktava kwa mkono wako mwenyewe.

La nne: muungurumo wa umeme. Pikapu za koili moja zinaokota 50 Hz za umeme wa nyumbani, na oktava haiubagui muungurumo huo na noti. Inauchanganya nao, na pembeni ya kila noti vinatokea vivuli vilivyo 50 Hz juu na chini yake. Ukisikia noti ndefu ina mtetemo mchafu usiofuata vidole vyako, geuka usiwe karibu na adapta na skrini, au kwenye gitaa la aina ya Stratocaster tumia nafasi ya 2 au ya 4 ya swichi kama koili ya pikapu ya katikati imezungushwa kinyume.

Mlango wa kuingilia

Fuzz Face, pedali ya fazi iliyotoka London mwaka 1966, ilikuwa na transista mbili za jermaniamu na ukinzani mdogo sana kwenye mlango wake. Pikapu ilikuwa inalemewa, trebo inapungua, na ukishusha volyumu ya gitaa hadi 7 fazi inasafika na kuwa sauti tamu inayong'aa. Uhusiano huo wa pikapu na fazi ndio nusu ya sauti yenyewe. Mlango wa prosesa kwa kawaida una ukinzani wa karibu megaohmu 1, pikapu hailemewi, na modeli ya fazi inapokea trebo nyingi kuliko ilivyozoea. Inasikika kali, na ukishusha volyumu haisafiki inavyotakiwa.

Prosesa za Helix na HX Stomp za kampuni ya Line 6 zina mpangilio wa ukinzani wa mlango. Ukiuacha kwenye otomatiki unafuata bloku (efekti) ya kwanza kwenye mstari, kwa hiyo fazi ikiwa ya kwanza kila kitu kinajipanga. Ukiweka wah (pedali ya kubadilisha toni kwa mguu) au kompresa (inayosawazisha nguvu ya sauti) mbele yake, ingia kwenye mpangilio na uchague thamani ya chini mwenyewe. Kama prosesa yako haina kitu hicho, weka ikwalaiza mbele ya fazi: kata masafa ya juu kuanzia 4 kHz, na ushushe kiwango chote kwa desibeli (dB) 4 hadi 6. Haitakuwa sawasawa na saketi, lakini volyumu ya gitaa itaanza kufanya kazi tena.

Angalia pia taa ya kuonya kwenye mlango. Pikapu za hambaka (za koili mbili) zenye nguvu zinaweza kulikata wimbi kabla hata halijafika kwenye modeli, na tumeshaona wimbi lililokatwa linafanya nini kwenye oktava. Taa ikiwaka nyekundu unapopiga kwa nguvu, punguza kiwango cha kuingia au washa swichi ya kupunguza.

Kuchagua fazi

Kwenye HX Stomp na Helix, Tycoctavia Fuzz imefuata Octavia ya kampuni ya Tycobrahe, Arbitrator Fuzz imefuata Fuzz Face, na Triangle Fuzz imefuata Big Muff ya mwanzo, pedali nyingine ya fazi. Kwenye mashine nyingi za BOSS za mfululizo wa GT utakuta '60S FUZZ, OCT FUZZ na MUFF FUZZ. Kampuni nyingine zinabadilisha majina, ila soma mwongozo wake na utambue familia tatu: ya Fuzz Face, ya Big Muff, na ile yenye oktava ndani.

Kwa solo ya oktava chagua familia ya Fuzz Face. Inasikiliza mkono na ina midi (masafa ya kati). Big Muff ina bonde karibu na 1 kHz. Ukiwa peke yako chumbani ni nene na nzuri, bendi ikiingia inazama kati ya besi na matoazi. Ukiipenda, ongeza dB 3 au 4 karibu na 800 Hz baada yake. Wapenzi wa muziki wa Zambia wa miaka ya 1970, wa bendi kama WITCH na Ngozi Family, wanajua fazi inavyoweza kubeba wimbo mzima. Zirudie rekodi zile usikie jinsi gitaa linavyokaa katikati ya bendi na lisifunike kila kitu.

Mpangilio wa solo

Anza na oktava peke yake. Zima fazi, zima amplifaya ya kuigiza, zima rivabu (mwangwi). Pikapu ya shingoni, toni ya gitaa kwenye 2, nobu ya fazi ya modeli ya oktava nusu. Piga uzi wa tatu freti ya 12, kisha wa pili, kisha wa kwanza hadi freti ya 19. Oktava isiposikika hapo, haitasikika popote: rudi kwenye mlango wa kuingilia. Usijenge juu ya kitu ambacho hakijasimama.

Ikishasikika, ongeza amplifaya. Modeli ya Marshall Super Lead ya wati 100, ile inayoitwa Plexi, ndiyo inayostahili. Geini 5, besi 3, midi 7, trebo 5, presensi 4. Lengo ni amplifaya iliyo ukingoni mwa kupasuka. Ikiwa safi kabisa fazi inakuwa nyembamba na kavu. Ikiwa na geini ya metali, ukataji unarundikana na noti zinapoteza umbo.

Kabati liwe la spika nne za inchi 12, ikiwezekana za aina ya Celestion Greenback. Kata chini ya 90 Hz na juu ya 5.5 kHz. Spika halisi ya gitaa inaporomoka haraka ikishapita takriban 5 kHz, na fazi inazalisha vitu vingi juu ya hapo. Wanaochomeka prosesa moja kwa moja kwenye mikseri ya kanisani au ukumbini wahakikishe kabati limewashwa kwenye kila priseti (mpangilio uliohifadhiwa). Anayechomeka kwenye amplifaya ya kweli kupitia mlango wa mbele azime modeli ya amplifaya na kabati vyote viwili, asiziweke amplifaya mbili moja juu ya nyingine.

Sasa weka fazi ya pili, ile ya familia ya Fuzz Face (ya kwanza imo ndani ya modeli ya oktava), na hapa mpangilio wa bloku unabadilisha tabia ya sauti. Oktava ikitangulia na fazi ikifuata, oktava inapatikana ikiwa safi, kisha fazi inainenepesha na kuishikilia kwa muda mrefu. Geini ya fazi iwe 4 hadi 5. Hii ndiyo rahisi kuidhibiti na ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza. Fazi ikitangulia, iweke 3 hadi 4 tu na ushushe volyumu ya gitaa hadi 6 au 7. Noti inaanza na mkwaruzo, kisha wimbi linapopungua nguvu na kuacha kuwa mraba, oktava inachomoza juu yake. Ni sauti hai sana, lakini inadai mkono mtulivu: ukipiga kwa nguvu kidogo zaidi oktava inarudi kujificha.

Wah ikae mbele ya fazi na oktava, ukikumbuka suala la ukinzani. Dilei na rivabu vikae baada ya kabati, kwa kiasi: dilei ya milisekunde 300 hadi 400, mchanganyiko asilimia 15.

Mkono una kazi yake. Tumia piki nene, piga uzi mmoja kwa wakati, na zima nyuzi nyingine kwa kiganja cha kulia na ncha za vidole vya kushoto. Uzi jirani unaotetemeka kidogo tu ni noti ya pili, na noti ya pili unajua inazaa nini. Kuvuta uzi polepole ndani ya oktava hii kunapendeza mno, kwa sababu kivuli cha juu kinapanda pamoja na noti bila kuchelewa hata kidogo.

Kama prosesa haina modeli ya aina ya Octavia

Tumia kibadilisha kimo kwenye +12, yaani nusu toni 12 juu. Hiki ni kifaa tofauti kabisa. Kinapima wimbi, kinalikata vipande na kulijenga upya, na kupima kunahitaji muda. Uzi wa sita ukiwa wazi ni 82.4 Hz, mzunguko wake mmoja unachukua milisekunde 12. Kifaa kinachohitaji mizunguko miwili kujiridhisha kimeshachelewa milisekunde 24, na kidole kinahisi. Uzi wa kwanza freti ya 17 ni 880 Hz, mzunguko mmoja ni milisekunde 1.1. Kwa hiyo hata hapa, juu ya shingo ndiko salama.

Kiweke kabla ya fazi. Mchanganyiko uwe nusu kwa nusu, ukate masafa ya juu ya upande uliobadilishwa kuanzia 4 kHz, kisha fazi yenye geini 5 au 6. Noti na oktava yake vinapokatwa pamoja ndani ya fazi vinashikamana na kuwa sauti moja. Ukikiweka baada ya fazi, unapata gitaa mbili zinazofuatana, sauti ya kisinthesaiza. Nayo ina mahali pake, ila si hii tunayoitafuta.

Kuna faida moja kubwa: kibadilisha kimo cha sauti nyingi (kinachoshughulikia noti kadhaa kwa wakati mmoja) kinaweza kushika kodi, kitu ambacho mkunjo hauwezi. Kwa rifu (vipande vifupi vinavyorudiwa) za kodi za nguvu kwenye nyuzi nene hiki ndicho cha kutumia. Ila modeli za sauti nyingi zinakula uwezo mkubwa wa kichakataji. Kwenye HX Stomp, yenye bloku 8 tangu programu yake ya 3.0, unaweza kukuta bloku nyingine zimefifia na hazichaguliki. Weka kibadilisha kimo na fazi kwanza, kisha ugawe kilichobaki.

Oktava ya chini

Hapa kanuni ni nyingine. BOSS OC-2 ya mwaka 1982 na vifaa vya ukoo wake vinahesabu mizunguko ya wimbi na kugeuza hali kila baada ya mzunguko mmoja, hivyo masafa yanagawanywa kwa mbili. Noti moja tu kwa wakati. Ukipiga mbili, hesabu inayumba na sauti inaruka ruka. Hamoniki kali nazo zinaidanganya hesabu, kwa hiyo tena: pikapu ya shingoni, toni chini, kompresa nyepesi mbele.

Kibadilisha kimo kwenye −12 kinafanya kazi hii pia. Jack White wa The White Stripes alikitumia cha DigiTech Whammy kushusha gitaa oktava moja kwenye rifu yake maarufu ya "Seven Nation Army" ya mwaka 2003, na wasikilizaji wengi wakaamini ni gitaa la besi.

Kosa la kawaida ni kuisukumia fazi oktava ya chini na gitaa vyote pamoja. Inatoka nzito bila noti. Gawa mstari uwe njia mbili. Njia ya kwanza ibebe oktava ya chini peke yake, bila sauti kavu, ikikatwa juu ya 400 Hz, bila fazi au kwa fazi ndogo sana. Njia ya pili ibebe gitaa na fazi, ikikatwa chini ya 120 Hz. Changanya mwishoni, oktava ikiwa chini ya fazi kwa dB 3 hivi. Ukiona besi inapungua pale njia zote mbili zinapowashwa, zinapingana. Geuza poleriti ya njia moja (yaani pindua wimbi lake), au kama huna swichi hiyo, badilisha masafa ya ukataji kidogo.

Chagua pia mahali pa kupiga. E ya uzi wa sita ikishushwa ni 41.2 Hz, na spika nyingi ndogo haziwezi kuitoa. Kinachosikika ni kutikisika kwa koni. Kuanzia uzi wa tano freti ya 5 sauti inajaa vizuri. Kata kila kitu chini ya 40 Hz ili amplifaya ya ukumbi isipoteze nguvu bure.

Kelele, na ile miluzi isiyoeleweka

Geti ya kelele (inayozima sauti ikishuka chini ya kiwango fulani) ikae mbele kabisa, mahali ambapo tofauti ya gitaa na muungurumo ni kubwa. Baada ya fazi kila kitu kimeshakuwa na kiwango kimoja, na geti haina cha kupima. Anza na kizingiti cha −60 dB, mikono ikiwa imetulia juu ya nyuzi, upandishe mpaka muungurumo ukatike, basi. Ukilazimika kupita −45 dB, tafuta chanzo cha kelele chenyewe, kwa kuwa geti itaanza kumeza mikia ya noti. Kwa oktava ya chini geti ina kazi ya ziada: inaikata noti kabla haijafifia kiasi cha kuivuruga hesabu.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la kidijitali tu. Prosesa inayofanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde haiwezi kubeba masafa yaliyo juu ya 24 kHz. Fazi na oktava vinazalisha hamoniki zinazovuka hapo, na zisipochujwa zinarudi chini kama miluzi isiyohusiana na noti. Jaribio lake ni jepesi: vuta uzi freti ya 17 au zaidi. Kama noti inapanda na mluzi mwembamba unashuka, ndilo hilo. Kukata masafa ya juu baada ya fazi hakusaidii sana, kwa kuwa mluzi umeshaingia ndani ya masafa ya gitaa. Punguza geini, funga toni ya gitaa zaidi, kata trebo kabla ya fazi, na kama prosesa ina mpangilio wa sampuli za ziada kwa modeli hiyo, uwashe.

Kabla ya jukwaa

Usihifadhi priseti hizi ukiwa umezitengeneza kwa hedifoni usiku. Sauti ikiwa ndogo sikio linapunguza besi na trebo, unaziongeza, kisha ukumbini zinarudi mara mbili. Sikiliza kwa sauti ya kiwango cha mazoezi ya bendi, shusha besi ya amplifaya kwa pointi moja au mbili, na upandishe midi hadi gitaa lisikike pamoja na snea. Mwisho, ipe oktava swichi yake ya mguu, mbali na ya fazi. Ukiizima, gitaa lisiongezeke wala lisipungue kwa zaidi ya dB 1 au 2. Mkunjo unapunguza nguvu ya noti ya asili, kwa hiyo karibu kila mara utahitaji kuongeza nobu ya kiwango ya bloku ya oktava ili solo isizame pale unapoihitaji.